Kitufe cha Kumwinua Mzee

Tulimzika mama yake Lusajo kule Masukulu, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mvua ilikuwa ile ya kwetu isiyonyesha wala kukatika, inakaa tu hewani na kuwalowanisha watu polepole. Baada ya maombi tuliletewa wali na maharage, nami nikakaa kwenye mkeka karibu na masufuria, mahali ambapo mtu husikia mengi. Wanawake waliokuwa wakipakua walikuwa wanamsema marehemu kwa wema. "Huyu ndiye alikuwa mkamwana wa zamani," alisema mmoja. "Mpaka baba mkwe wake anakufa, hakuwahi kumtazama usoni." Mwenzake akacheka kwa kujizuia, kama watu wanavyocheka msibani. "Siku hizi mkamwana anakaa kochi moja na baba mkwe, wanaangalia tamthilia." "Tena anamnyang'anya rimoti!" akadakia wa tatu, na wote wakainamisha vichwa kwenye mvuke wa wali ili wafiwa wasiwaone. Pembeni yangu alikuwa Mwalimu Shija, aliyesafiri kutoka mbali alikohamishiwa, amevaa makoti mawili kama zamani. Hakucheka. Aliweka sahani chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tuse, lile gemu bado unalo?" Nikamwambia ninalo kwenye simu yangu ya zamani, ila halifunguki tena, na simu mpya zinalikataa kabisa. Akatikisa kichwa. Lakini tangu siku hiyo ule mwaka umenirudia wote, na vyumba vyake na vyakula vyake, na mimi ni mtu ambaye jambo likinikaa moyoni lazima nilitoe nje, hata kama kuandika nimejifunza kwa kunakili vya wengine.

Kunakili ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hakuna aliyeyaulizia mara mbili, nikaajiriwa kwenye stesheneri moja pale Tukuyu, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Niliamini kabisa kwamba siku moja ningeandika maneno yangu mwenyewe na watu wangeyasoma mahali nisipopajua. Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni, wateja walikuwa wanaweka mikono juu ya mashine ya kopi ili wapate joto kabla hata hawajasema shida yao. Lusajo alikuja hivyo. Aliweka mikono kwanza, akakaa muda mrefu, kisha akatoa chini ya sweta karatasi alizochora katuni kwa kalamu nyeusi. "Dada, nitolee hizi. Lakini usizisome." Nikazisoma zote wakati natoa. Aliporudi kuzichukua nilikuwa nafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia kioo cha mashine, akasema, "Nilikwambia usisome." Nikamjibu, "Basi ungechora vibaya."

Katuni ile ilimhusu mama yake alipokuwa bibi harusi. Kwetu zamani mkamwana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Wazee wanaita kutila. Humtaji jina, hupiti njia aliyopo, na mkikutana ghafla unachuchumaa, unajifunika khanga na kugeuza uso mpaka apite. Si chuki, ni heshima, ingawa ni heshima inayochosha. Katika karatasi za Lusajo bibi harusi mdogo anatoka kisimani na ndoo, anapita migombani, na kila mara lazima akwepe. Mzee hachorwi uso hata mara moja. Unaona mgongo wake, kofia yake, fimbo yake, na juu ya majani neno moja tu: kohoo, kohoo. Nilidhani mzee mgonjwa. Lusajo akanieleza kwamba babu yake hakuwa anaumwa chochote. Alikuwa anakohoa makusudi kabla ya kila kona, ili yule binti asikie na apate nafasi ya kujificha bila aibu. "Ndivyo walivyoongea," alisema. "Miaka yote ya ndoa ya mama, wao mazungumzo yao yalikuwa hayo." Tulizitoa kopi karatasi zile, tukazibandika na nyingine kwenye ukurasa wa mtandaoni, na mtaa mzima ukazishika. Mafundi cherehani walikuwa wanasomeana kwa sauti. Manesi walikuja na sare zao kuulizia sehemu inayofuata. Dereva wa bodaboda mmoja alianza kukohoa kila anapopinda kona, watu wakawa wanachuchumaa barabarani kwa vicheko.

Mwalimu Shija aliletwa na katuni hiyohiyo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Msukuma, amepangiwa kazi Rungwe akitokea kwenye jua la Shinyanga, na baridi yetu alikuwa anaizungumzia kama mtu anayezungumzia mwizi aliyemvamia ndani. Alikuwa na laptopu ambayo alijifundishia kutengeneza gemu za simu. Siku moja alisimama kaunta, akasoma karatasi mpaka mwisho, akasema, "Hii si katuni tu. Hii ni gemu." Akatueleza kwamba kuna gemu za namna ambayo ukishindwa huendelei pale ulipokosea, unarudi mwanzo kabisa, na ukirudi unakuta njia zote zimejipanga upya, hivyo ulichokariri jana hakikusaidii leo. Ukionwa na mzee, umerudi kisimani. Migomba imehama, mfereji umehama, na ndoo yako tupu. "Ndivyo ilivyokuwa kwa mama," Lusajo akasema. "Kila asubuhi anaanza upya."

Chumba cha nyuma ya stesheneri kikawa chetu. Mwenye duka alituruhusu mradi tusiwashe jiko la mkaa karibu na karatasi, kwa hiyo tulikula vya kupoa: ndizi za kupika kutoka kwa mama wa jirani, maparachichi, maziwa mgando kwenye chupa. Lusajo alichora, Mwalimu aliandika zile alama zake za kompyuta, mimi niliandika maneno yanayotokea kwenye kioo. Wakati mwingine nilikuwa naacha kazi na kuwatazama tu, huyu amejikunyata ndani ya makoti mawili, huyu ana wino mpaka kwenye sikio, nikajisemea kwamba hakuna mtu mwenye bahati kama mimi kutoka hapa mpaka Kyela. Sasa nikikumbuka furaha ile inaniuma. Nilikuwa nafurahia kama mtu anayecheza nje ya nyumba bila kujua kwamba ndani kuna mgonjwa.

Maana katuni ilikuwa na karatasi ya mwisho ambayo Lusajo hakuwa ameitoa. Alituonyesha tulipofika mwisho wa gemu. Bibi harusi anapita njia ileile, hakuna kikohozi, anapinda kona, na mzee yuko chini, ameanguka kifudifudi kati ya migomba. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama yake alijifunika, akageuza uso, akakimbia kuita watu. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa mnadani. Watu walipotoka mnadani na kurudi naye, mzee alikuwa ameshakata roho. Mama alimsimulia Lusajo peke yake, siku moja wakichambua maharage, na alipomwomba ruhusa ya kuchora alimjibu, "Chora. Mimi kusema kumenishinda." Kwa hiyo gemu letu likaisha hivyo. Mchezaji anafika, mzee yuko chini, na kwenye kioo kuna kitufe kimoja tu kilichoandikwa: Kimbia uite watu. Unakimbia, njia zinajipanga upya, na hata ukimbie vipi unachelewa.

Tulilitoa likiwa na nembo ya ndoo. Siku za kwanza tulisifiwa mpaka nikawa natembea kama nimevaa viatu vipya. Vijana wa banda la gemu waliweka mashindano ya nani atakwepa muda mrefu. Kisha watu wakaanza kufika mwisho. Mchambuzi mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwenye wafuasi wengi, alilizungumzia kwenye video yake. Alisifu michoro, akasifu mvua, akasema masikio yake hayajawahi kusikia mvua tamu vile kwenye simu. Halafu akasema, "Ila wanangu, tuongee ukweli. Adui hana silaha. Hakupigi, hakukimbizi. Anakohoa! Na mwisho hauna ushindi. Mzee anadondoka, huwezi kumgusa. Hili ni kosa la kiufundi, au hawa jamaa walichoka." Baada ya hapo maoni yalimiminika na nyota tulizopewa na wachezaji zikashuka. Mwalimu alikuwa anafungua simu kila kipindi kikiisha, na sura yake ilinijulisha hali kabla hajasema.

Nilidhani hilo ndilo baya zaidi. Kumbe sifa zilikuwa zinakuja kutuumiza kuliko lawama. Jarida moja la mtandaoni la nje liliandika habari ndefu, Mwalimu akatutafsiria huku sauti yake ikipanda kwa furaha. Liliita gemu letu kazi ya ujasiri. Lilisema mzee ni zimwi la ukale linalomwinda mwanamke, na kikohozi chake ni sauti ya kutisha kuliko zote mwandishi alizowahi kusikia kwenye gemu, na mwisho ule ambapo mwanamke analiacha zimwi lifie matopeni ni ukombozi wake. Mwalimu alimaliza, akainua macho akitabasamu. Lusajo alikuwa ameshika ganda la parachichi, analikunja na kulikunjua. "Zimwi?" akauliza. "Babu yangu alikuwa anaanza kukohoa tangu mbali, koo linamuuma, ili mtoto wa watu asifadhaike. Ndiyo zimwi hilo?" Mwalimu akasema, "Hawajui, Lusajo. Wametusifu." "Bora yule anayesema tulichoka."

Wakaanza kugombana wao kwa wao, watu waliokuwa wakila kwenye sahani moja. Mwalimu alitaka tuongeze kitufe cha kumwinua mzee, kwa sababu karibu kila aliyeponda alikuwa anadai hicho. "Watu wanataka kushinda," alisema. "Mama yangu alishinda?" "Hii ni gemu, kaka." "Ni mama. Ukiweka kitufe hicho, unamwambia mama kwamba angeweza. Unamweka pale tena, unampa kitufe, halafu unamwuliza mbona hukubonyeza." Mimi nilikuwa mpatanishi wao, nikiwachekesha, nikiwagawia ndizi, lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kile chumba.

Jumamosi moja tulikwenda Masukulu wote watatu, Lusajo akipeleka dawa za mama yake za presha. Tulimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa. Alitupikia ndizi kwa maziwa, akatuangalia tukila, kisha akauliza kwa Kinyakyusa, "Watu wa kwenye simu wanasemaje?"

"Wanasifu, mama," Lusajo akajibu haraka.

"Kijana wa jirani ameniambia wananitukana." Akanigeukia mimi. "Gwe Tusekile, wewe sura yako haijui kuficha. Nisomee."

Nilimtazama Lusajo. Aliinamisha kichwa. Nikatoa simu, nikasoma, nikimgeuzia kwa Kinyakyusa sentensi baada ya sentensi, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani tu. Wa kwanza alikuwa ameandika kwamba huyu dada ana roho mbaya, mzee yuko chini yeye anakimbia.

"Ana umri gani huyo?"

"Hatujui, mama."

"Ni mtoto. Endelea."

"Huyu anasema, nimecheza mpaka mwisho nikalia, mbona hakuna kitufe cha kumwinua babu."

Akatupa punje mbaya.

"Huyu naye anasema, wekeni kitufe cha kumwinua mzee, tafadhali. Na huyu… anasema, nimebonyeza kila mahali kwenye kioo, haamki."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Amebonyeza kila mahali?"

"Ndivyo alivyoandika. Yuko Tabora."

"Tabora ndiyo wapi?"

"Mbali, mama," Mwalimu akasema kwa Kiswahili, baada ya mimi kumtafsiria swali. "Kuelekea kwetu."

"Na huyo mtu hamjui mzee wetu."

"Hamjui kabisa."

"Na hawa wengine nao wanataka kumwinua?"

"Karibu wote, mama. Ndiyo maana wamekasirika."

Alilia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye maharage, na hakuyafuta. "Siku ile nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka," akasema. "Hakuja mtu. Nilipita nyumba kwa nyumba, milango imefungwa. Sasa watu wanatoka mpaka Tabora." Akavuta pumzi. "Wawekee basi, Lusajo. Waache wamwinue."

Lusajo alikuwa ameshasimama. "Mama, nikiweka, watu watasema uliweza kumwinua ukakataa."

"Niliweza," akasema. "Nilikuwa na mikono. Nilikuwa nabeba mkungu wa ndizi mzito kuliko yule mzee. Unafikiri sijui?"

Mwalimu hakuelewa maneno, lakini hata yeye alivua kofia, akaishika mikononi. Lusajo alitoka nje akasimama kwenye ukungu. Mama akaendelea kuchambua, punje mbaya huku, nzuri huku, akaniambia nimletee Mwalimu, kijana wa watu, maziwa mengine, maana anatetemeka.

Lusajo alikaa siku nyingi bila kuja stesheneri. Alipokuja, aliweka karatasi moja juu ya kaunta na kuondoka. Alikuwa amemchora mzee amesimama, kwa nyuma, majani yamemganda kwenye koti. Picha moja tu. Mwalimu alimwomba amchoree nyingine za mzee akitembea kwenda zake, akakataa. Kwa hiyo kwenye gemu, ukibonyeza kitufe kipya, mzee anainuka, anasimama, na anabaki amesimama hapo mpaka ufunge mwenyewe. Nyota zikapanda. Yule mchambuzi wa Dar alirudi kwenye video, akapiga makofi, akasema, "Hawa jamaa wanasikia!" Jarida la nje likaandika aya fupi, kwamba ni huzuni watengenezaji wamesalimu amri kwa wachezaji na kuharibu mwisho uliokuwa na nguvu. Mwalimu alitusomea zote mbili kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Lusajo hakuuliza maana ya neno lolote. Tangu mwaka ule hajachora katuni nyingine. Anaandika mabango ya maduka huko Mbeya, na mabango yake ni mazuri, na nikiyaona natamani kuyageuza nione kama kuna kitu nyuma.

Mimi ndiye niliyemwonyesha mama. Alikuja Tukuyu siku yake ya kliniki, mvua ikamkuta stesheneri, nikampeleka chumba cha nyuma akae juu ya boksi la karatasi wakati nahudumia wateja. Kulipotulia aliniuliza kama kitufe kimewekwa. Nikamwambia kipo. Akasema nicheze mimi, nifike pale, kisha nimwite. Nikacheza kwa uangalifu kuliko siku zote, nikikwepa, nikichuchumaa, yeye amekaa anasikiliza mvua mbili, ya kwenye simu na ya kwenye bati. Nikapinda kona ya mwisho. Nikamwambia, "Tumefika, mama."

Hakuangalia. Alijifunika khanga kichwani, akageuza uso kabisa kuelekea ukutani kulikopangwa marimu ya karatasi, na kutoka ndani ya khanga akanyoosha mkono mmoja kuja kwangu, kidole mbele.

"Kiko wapi?"

Nikamshika kile kidole. Kilikuwa cha baridi na kigumu kwa kazi. "Sogea kulia kidogo. Hapo. Bonyeza."

Akabonyeza kwa nguvu, kama mtu anayebonyeza parachichi kuona kama limeiva. Halafu hakuondoa mkono.

"Ameinuka?"

"Ameinuka, mama. Amesimama."

"Ameumia?"

"Hapana. Ana majani kwenye koti tu. Unaweza kuangalia. Amegeukia kule, ni mgongo tu unaoonekana."

Akatikisa kichwa chini ya khanga. "Akishaondoka niambie, nigeuke."

Nikatazama kioo. Mzee alikuwa amesimama kati ya migomba, mvua inamnyeshea, hana picha nyingine ya kumpeleka popote. Mteja aligonga kaunta kule mbele, akaita, akaondoka.

"Ameshaenda?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Basi tumngoje," akasema, na mkono wake ukabaki mkononi mwangu.